Kioo Chenye Nailoni

Mama yake Kibegi alikuwa amesharudi kwenye benchi la kituo Afande Shangazi alipoingia kazini. Alikaa vilevile alivyokaa jana, mkoba mapajani, miguu ameibana pamoja, na pembeni yake bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Askari wa zamu alikuwa amekataa kulipeleka mahabusu mpaka lifunguliwe likaguliwe. Mama naye alikataa kulifungua. Alisema hawezi kufunua chakula cha mwanawe mbele za watu kana kwamba kaficha msumeno ndani yake.

Jina la Shangazi alipewa na wezi. Kwenye karatasi za serikali yeye alikuwa sajenti wa upelelezi, lakini kwa kuwa kabla ya kumfunga mtu pingu lazima amgombeze kwanza, kama dada wa baba aliyekuta sahani zimevunjwa, wezi walimbatiza hivyo, na jina likamganda. Siku moja hata mkuu wa kituo alijisahau akamwita Shangazi mbele ya gwaride zima.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jana asubuhi fundi cherehani mmoja, mwanamke, alikuwa akivuka barabara ya zahanati na furushi la sare za shule. Pikipiki ikamzoa. Mguu ulivunjika, na mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi, uliburuzwa kwenye lami mpaka daktari akasema hawezi kuahidi kitu. Aliyemgonga alikimbia. Uso wake haukuonekana kwa sababu ya helmeti ya kufunika kichwa kizima, lakini pikipiki iliwajaa watu macho: nyekundu, tangi limevishwa manyoya ya bandia. Pikipiki ya namna hiyo pale mjini ilikuwa moja tu, ya kijana wa bodaboda aliyeitwa Kibegi kwa sababu ya begi lake dogo la kifuani asilolivua hata akiwa anakula.

Kibegi alisema pikipiki aliiacha juzi jioni kwenye gereji ya mjomba wake ili iwekwe vioo vya pembeni, na wakati wa ajali yeye alikuwa amelala. Mjomba alipoulizwa alisema la: kijana alipita alfajiri, kabla gereji haijafunguliwa, akachukua pikipiki yake akaenda kazini. Ufunguo alijua unapowekwa. Pikipiki yenyewe ilikutwa imetelekezwa uchochoroni.

Maneno mawili, basi. Moja la dereva aliyewahi kukamatwa akiwa hana kioo hata kimoja. La pili la fundi anayetengeneza pikipiki za polisi, mtu wa heshima zake, ambaye kila wiki huwakusanya vijana wa kijiweni na kuwafundisha usalama barabarani bila kulipwa, mpaka kijiwe kizima kinamwita Mjomba. Shangazi hakujiuliza mara mbili. Alimfunga Kibegi pingu mlangoni kwao, mama yake akiwa amesimama na ndoo mkononi, na akamgombeza sana. Alimwambia amemtia aibu mjomba wake.

Leo mchana gari la mahakama lingekuja kumchukua. Kijana akishaingia gereza la mahabusu hujui atakaa mpaka lini, na hata akitoka bila kosa, jina linabaki na doa. Hilo mama alilijua, na Shangazi alijua kwamba mama anajua, kwa hiyo alijaribu kupita bila kumtazama.

"Afande," mama alisema. "Nikuulize kitu kimoja tu, kisha nitanyamaza."

Shangazi akasimama.

"Mnasema kile kioo mlichookota barabarani ni cha mwanangu, kakifunga upya kwa mjomba wake. Sawa. Vioo huwekwa viwili. Cha pili kiko wapi?"

Askari wa zamu alicheka kidogo puani. Shangazi hakucheka. Alimwambia mama aende nyumbani apumzike, kwa sauti iliyotoka kavu kuliko alivyokusudia, na akaenda zake ofisini. Mama alibeba bakuli lake akaondoka.

Ofisini alifungua mfuko wa ushahidi akaumwaga juu ya gazeti. Jana aliutazama kwa haraka ya mtu ambaye tayari ana jibu. Kulikuwa na mkono wa chuma mweusi, ule unaoshikilia kioo kwenye usukani, umepinda kama kidole kinachoita. Kulikuwa na ganda la plastiki lililopasuka, na kioo chenyewe. Hapo akainama karibu. Kioo kilikuwa kimevunjika vipande vingi, lakini vipande havikutawanyika. Vilishikana kama maganda ya yai la kuchemsha. Akapitisha ukucha pembeni na ukucha ukanyanyua kitu: nailoni nyembamba, ile inayobandikwa juu ya kioo kipya ili kisichunike dukani.

Kioo kilichokuwa barabarani, na nailoni juu yake. Anayekitazama anaona nini?

Akaushika mkono wa chuma. Chini, palipo na mkato wa skrubu wa kuingilia kwenye usukani, kulikuwa na nati ya kufungia, na chini ya nati kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa duara kwa mkasi, nadhifu kabisa. Alijaribu kuzungusha nati kwa vidole, akijiandaa kukaza misuli. Haikuhitaji misuli. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa ya maji.

Alishuka uani kwenye pikipiki ya Kibegi, iliyoegemezwa ukutani na karatasi ya ushahidi imefungwa kwenye manyoya. Upande wa kushoto, tundu la kioo liling'aa, chuma kimekwanguliwa majuzi. Upande wa kulia, tundu lilikuwa limejaa vumbi na kutu ya siku nyingi, na buibui kashafanya makazi. Humo hakijaingia kioo mwaka huu.

Kwa hiyo kilifungwa kimoja tu. Na hicho kimoja kilifungwa nusu. Mama wa watu, na mkoba wake mapajani, alikuwa ameuliza swali ambalo mpelelezi alipaswa kuliuliza jana.

Lakini nailoni na nati peke yake si kesi. Huenda Kibegi alichukua pikipiki na haraka zake, kazi haijaisha, akaondoka hivyohivyo. Shangazi alipanda pikipiki ya kituo akaenda kutafuta kioo kilinunuliwa wapi.

Duka la kwanza la spea halikuwa na vioo vya aina ile, lakini muuzaji alimwambia kwamba jana amemwona kijana wa kijiweni anaitwa Bwana Harusi akiwa na vioo vyeusi vipya, vimefanana kabisa na hicho. Shangazi alimkuta Bwana Harusi kijiweni, amekaa juu ya pikipiki yake, suruali imepigwa pasi, viatu vyeupe. Vioo vyake vilikuwa viwili, vizima, vipya, na vyote viwili vilikuwa na nailoni.

Hapo Shangazi alihisi hoja yake inamponyoka mkononi. Alimuuliza kijana mbona hajaitoa. Bwana Harusi akajibu kwa adabu kwamba akiitoa kioo kitachakaa, na yeye hapendi kitu chake kichakae.

"Sasa ukitazama nyuma unaona nini?"

"Ukungu tu, Shangazi. Lakini ukungu mpya."

Wenzake walicheka. Shangazi aliangalia vioo vilikogeukia, akagundua vimeelekezwa ndani, si barabarani, ili dereva aone uso wa abiria wake wa kike. Alimgombeza mpaka kicheko kikaisha. Alimwambia kioo si cha kujipodolea wala cha kuchumbia, na kwamba gari likimjia nyuma halitampigia hodi. Kijana alivigeuza vioo huku amenuna. Kabla hajamaliza, Shangazi alishika nati ya kioo kimoja akajaribu kuizungusha. Vidole vilimuuma. Haikucheza hata kidogo.

"Hiyo imekazwa na spana," Bwana Harusi alisema. "Nani atatoka gereji na nati imelegea? Nikipita kwenye matuta kioo si kitaniangukia mapajani?"

Basi nailoni si kitu. Mtu anaweza kutembea nayo kwa ujinga au kwa mapenzi. Lakini nati iliyolegea ni jambo jingine, maana hakuna dereva anayeweza kwenda nayo mbali. Anayezunguka na abiria tangu alfajiri hukutana na matuta kila mtaa. Kutoka gereji mpaka zahanati kulikuwa na lami laini na kona moja tu.

Kabla hajaondoka, vijana walimweleza mambo mengine bila kuulizwa. Walikuwa wamemfuta Kibegi kijiweni. Aliyegonga mtu akasimama, kijiwe kizima humchangia. Aliyegonga akakimbia, hana nafasi tena, na kanuni hiyo aliiweka Mjomba mwenyewe. Walimsikitikia mzee wa watu. Tangu jana, walisema, hajakanyaga kijiweni, aibu ya mpwa wake imemfungia ndani.

Duka la pili lilikuwa la mwanamke mnene, mchangamfu, aitwaye Mama Spea, ambaye vioo vyake vilining'inia juu ya kichwa chake kama popo. Alikitazama kile cha ushahidi mara moja akasema ni chake. Shangazi alimuuliza anajuaje. Mama Spea alishusha kioo kingine, akakiinua mbele ya mlango na kumwonyesha jinsi ukingo wa mlango unavyobaki umenyooka ndani yake. Vioo vya duka lile lingine, alisema, ukivitazama mlango unakata kiuno. Yeye hauzi kioo kinachofanya lori lionekane baiskeli.

Kisha akaeleza utaratibu wake. Mafundi anaowaamini huwapa vioo wakajaribu kwenye pikipiki kwanza, kwa sababu kuna vinavyokubali na vinavyotetemeka, na hujui mpaka uendeshe. Sharti ni moja: nailoni isitolewe. Nailoni ikiwepo kioo kinarudi dukani, ikitolewa umeshanunua. Vioo hivi alimpa Mjomba juzi jioni, jozi, kwa ajili ya pikipiki ya mpwa wake.

"Na kimerudi?"

"Kimerudi kimoja. Cha kulia." Akanyoosha mkono akakitoa kwenye sanduku, nailoni yake haina hata mkunjo. "Jana mchana. Akasema cha kushoto kimekubali, atabaki nacho. Mimi nikashangaa kidogo. Miaka yote hii hajawahi kufunga pikipiki kioo kimoja. Yeye ndiye anayewaambia vijana kioo kimoja ni sawa na jicho moja."

"Alikuwa na hali gani?"

Mama Spea alifikiri. "Alisahau kunisalimia," alisema. "Nikajua ni mawazo ya kijana."

Shangazi aliazima kile kioo cha kulia. Alikifunga ndani ya gazeti, akakipakata kwenye pikipiki kama mtoto, akaenda gereji.

Gereji ya Mjomba ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na picha za alama za barabarani alizozichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Shangazi hakutegemea kumkuta mtu mwingine pale. Lakini kwenye stuli, mgongo umeegemea bati, alikaa mama yake Kibegi. Hakwenda nyumbani. Alikuja kwa kaka yake kumwomba asimame kumwekea kijana dhamana.

Mjomba alikuwa mwanaume mrefu aliyeanza kuinama, mikono imeiva grisi. Alimpokea Shangazi kwa heshima, akafuta stuli nyingine kwa kitambaa, akaanza kueleza kabla ya kuulizwa kwamba ameshaongea na mtu mmoja anayemjua wakili, kwamba damu ni damu, hawezi kumtupa mtoto wa dada yake hata kama amekosea. Dada yake alikuwa akimtazama wakati anasema hayo, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani. Shangazi aliona, akageuza uso.

Alisema amekuja kwa shida ndogo tu. Pikipiki ya kituo haina kioo cha kulia. Amepata kimoja, angeomba afungiwe sasa hivi, anavyofunga siku zote, wala asifanye haraka. Akafunua gazeti.

Mjomba alikitambua. Mkono wake ulisita hewani, kisha ukakipokea, maana fundi akipewa kazi mbele ya watu hana pa kukimbilia. Alichukua mkasi na kipande cha tyubu, akakata duara. Hakupima. Mkasi ulizunguka wenyewe. Akavisha duara kwenye mkono wa kioo, akaingiza kwenye tundu, akakaza kwa vidole tu. Spana zote zilikuwa ukutani nyuma yake, zinamtazama, na hakuigusa hata moja.

"Hukazi?" Shangazi aliuliza.

"Bado. Mpaka niijaribu kwanza. Ukikaza kabla hujajua kama kioo kinatetemeka, ukiilegeza tena unaharibu mkato." Alisema hivyo kwa mazoea, kwa sauti yake ya kufundishia. "Nakwenda nayo mpaka pale kwenye kona na kurudi."

"Na nailoni?"

"Naiacha. Ni sharti la duka. Picha inaonekana kidogo, inatosha kujua kama imetulia."

Alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki. Kiwiliwili kilikuwa kimejiweka chenyewe, mikono kwenye usukani.

"Mjomba," Shangazi alisema polepole. "Unapokuwa unakwenda, unajaribu kioo, macho yako yanakuwa wapi?"

"Kwenye kioo. Lazima nikitazame kwa makini kama picha ina..."

Hakumaliza. Alibaki amekaa juu ya pikipiki isiyowashwa, uso umeelekea kwenye kile kioo, na kwenye ukungu wa nailoni lazima alimwona dada yake amekaa nyuma yake kwenye stuli.

Shangazi alitoa mfuko wa ushahidi akaumwaga juu ya benchi la kazi. Hakugombeza. Alionyesha duara la tyubu, akalipeleka kando ya lile lililovishwa sasa hivi kwenye pikipiki, na yalilingana kama sarafu mbili. Alizungusha nati kwa kidole kimoja. Alieleza habari ya tundu la kulia lenye buibui. Alisema kioo hiki kilikuwa katikati ya majaribio kilipovunjika, na majaribio hufanywa na fundi, si na mwenye pikipiki. Kisha akatoa onyo analowajibika kutoa, kwamba lolote atakalolisema sasa litaandikwa, na anaweza kunyamaza.

Aliyezungumza ni dada.

"Kaka. Ulisema alipita alfajiri."

Mjomba alikuwa anatazama mikono yake.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Hapana."

"Alipita?"

"Hakupita," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana kwa mtu mrefu namna ile. "Hakuja. Ni mimi."

Mengine yalimtoka vipande vipande, na Shangazi aliyaandika yote kama yalivyokuja. Alikuwa kwenye kona, anakitazama kioo, kinatetemeka kidogo kushoto, anajiambia mpira umekuwa mwembamba. Hakumwona yule mwanamke kabisa. Alisikia tu. Alishuka, akakuta sare za shule zimetapakaa, mashati meupe, akayakusanya akamwekea chini ya kichwa. Shangazi alikumbuka yale mashati hospitalini, na alama za vidole vyeusi kwenye kola. Jana aliziona akasema dereva yeyote ana grisi. Mjomba alisema alitaka kupiga kelele za kuita watu. Kisha akasikia vijana wawili wa kijiweni wanakuja kwa mbali, akawatambua kwa sauti, na akafikiria wakimkuta yeye, yeye anayewafundisha, amesimama juu ya mtu. Miguu ikampandisha kwenye pikipiki, akaenda kuitelekeza uchochoroni.

"Nilisema nitakwenda kituoni jioni," alisema. "Ulipokuja kuniuliza, Afande, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni mimi. Ukaniambia, 'Pole sana Mjomba, huyu kijana amekuaibisha.' Nikasema ndiyo."

Shangazi aliandika na hilo pia. Kalamu ilikwaruza karatasi kuliko kawaida.

"Nikajua watamwachia tu," Mjomba aliendelea, sasa akimwambia dada yake. "Hana kosa. Mtu asiye na kosa huachiwa."

"Nimekuja hapa kukupigia magoti," dada yake alisema. "Tangu asubuhi nimekaa nakushukuru."

Hakulia. Aliinuka akakung'uta gauni, ingawa stuli ilikuwa safi, na akaenda kusimama nje kwenye jua, amewapa mgongo.

Mjomba aliomba jambo moja: wapite njia ya nyuma, ya uchochoroni, wasipite kijiweni. Shangazi alifunga daftari lake.

"Kibegi nilimpitisha kijiweni," alisema. "Na pingu."

Kwa hiyo walipita kijiweni, bila pingu, maana hakuwa wa kukimbia tena, Mjomba katikati na wanawake wawili kila mmoja upande wake, Shangazi akiisukuma pikipiki ya kituo. Vijana walipowaona walisimama wote. Bwana Harusi alivua helmeti. Alisema, "Mjomba, unakwenda kumwekea dhamana? Wewe kweli una moyo." Mwingine akasema mtoto yule hana hata haki ya kuwa na mjomba kama huyu. Walimpisha njia. Mmoja alimshika mkono kwa mikono miwili. Mjomba aliacha mkono wake ushikwe, akatikisa kichwa, akatikisa tena, na vijana wakadhani ni unyenyekevu. Shangazi alingoja aseme. Mama naye alingoja, midomo imebanwa. Hakusema, wakaendelea kutembea, na nyuma yao mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

Kituoni Shangazi alimkalisha Mjomba kwenye kiti cha mbele ya kaunta, akamkabidhi kwa askari wa zamu, akampigia simu mkuu wa kituo, akafuta jina moja kwenye orodha ya gari la mahakama na kuandika jingine. Kisha akaenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu, kazi ambayo kwa kawaida si yake.

Kibegi alikuwa amekaa sakafuni, begi lake halipo kifuani, na bila lile begi alionekana mdogo.

"Inuka," Shangazi alimwambia. "Nilikosea. Wewe hukumgonga yule mama. Nilikufunga bure, na nikakusema vibaya mbele ya mama yako. Naomba unisamehe."

Kijana aliinuka akijipangusa. Hakujua afanye nini na maneno yale kutoka kwa mtu mwenye sare. "Haina neno, Shangazi," alisema. "Mmempata aliyegonga?"

"Tumempata."

"Nani?"

Shangazi alihangaika na kufuli lililokwisha kufunguka. Alimwambia njoo, mama yako anakungoja.

Kibegi alitoka kwenye mwanga wa kaunta akikunja macho. Alimwona mama yake kwanza, amesimama karibu na mlango, na akatabasamu. Kisha akaona nani amekaa kwenye kiti, na tabasamu likazidi, likawa la mtoto kabisa. Alikuwa amesema tangu mwanzo, aliwaambia watu wote waliokuwepo pale kaunta, kwamba mjomba wake akisikia vizuri atakuja kumtoa. Akasogea mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na mtu huyohuyo.

"Shikamoo, Mjomba."

Askari wa zamu aliacha kuandika. Mjomba alifungua mdomo, lakini neno lenyewe, neno ambalo mkubwa yeyote huliitikia hata akiwa usingizini, halikutoka. Alikuwa anatazama viatu vya kijana, vilivyotolewa kamba.

Mama alimshika mwanawe mkono akamvuta. "Twende nyumbani," alisema.

Kibegi hakuenda. Alibaki ameinama palepale, akidhani pengine sauti haikusikika, akisubiri kuitikiwa. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi.